Maswali ya Wasomaji: Lugha za Wanaga na Masimulizi Yake

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya chache tu, juhudi za kuweka kumbukumbu za lugha ndogo za Wanaga, watu wa milima iliyo kwenye mpaka wa India ya kaskazini-mashariki na Myanmar. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua sita na kuzifupisha, na zinajibiwa hapa na mwandishi wa safu hii ya lugha.

Swali la kwanza

*Ndugu mwandishi, mliandika "lugha za Wanaga" kwa wingi, ilhali mimi nilidhani kuna Kinaga kimoja chenye lahaja zake. Je, ni lugha moja au nyingi? Na ni ipi hasa iliyo hatarini?*
Mwalimu wa sekondari

Jibu

Hakuna lugha moja iitwayo Kinaga. Naga ni jina la watu, na watu hao wamegawanyika katika jamii nyingi zinazoishi Nagaland, Manipur, Arunachal Pradesh na Assam kwa upande wa India, na katika eneo la Sagaing kwa upande wa Myanmar. Lugha zao ni makumi. Zote ni za familia kubwa ya Sino-Tibeti, lakini hazikuchipuka kutoka tawi dogo moja: Kikonyak, Kiphom na Kichang, kwa mfano, wanaisimu wengi huziweka karibu na Kibodo, Kigaro na Kijingpho kuliko karibu na Kiangami au Kiao, ijapokuwa Wakonyak, Waangami na Waao wote ni Wanaga. Msemaji wa moja kati ya lugha hizi mara nyingi hamwelewi jirani yake wa bonde la pili, na ndiyo sababu sokoni Dimapur au Kohima utasikia Kinagamese, kreoli (lugha iliyozaliwa kwa mchanganyiko wa lugha) iliyojengwa juu ya Kiassam, huku lugha rasmi ya jimbo la Nagaland ikiwa Kiingereza.

Katika wilaya ya Chandel, kusini-mashariki mwa Manipur, jambo hili linazidi kuwa tata. Walamkang, Waanal, Wamoyon, Wamonsang na Watarao hujitambulisha kuwa Wanaga, lakini lugha zao wanaisimu huzihesabu katika kundi la Kuki-Chin, tawi jingine la Sino-Tibeti. Mtu asidhani kwamba mwanaisimu anayesema hivyo anampokonya Mlamkang utambulisho wake. Ukoo wa lugha ni jambo moja na umoja wa watu ni jambo jingine, na mwandishi wa kumbukumbu anapaswa kuyaandika yote mawili bila kutumia moja kulifuta jingine.

Kuhusu hatari, usitazame idadi ya wasemaji peke yake. Kiao, Kiangami, Kisumi, Kikonyak na Kitangkhul zina wasemaji wengi, Biblia, vitabu vya nyimbo na nafasi fulani shuleni au kanisani. Kilamkang, Kimonsang au Kitarao ni za watu wa vijiji vichache, na watoto wao hukua wakisikia Kimanipuri sokoni na Kiingereza darasani. Sensa ya India nayo, tangu mwaka 1971, haizitaji mojamoja lugha zenye wasemaji wasiofika 10,000. Sensa ya mwaka 2011 iliorodhesha lugha 121 zilizovuka kiwango hicho, na zilizobaki ziliingizwa katika fungu la "nyinginezo". Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa kuhifadhi lugha zilizo chini ya idadi hiyohiyo, ukisimamiwa na Taasisi Kuu ya Lugha za India iliyopo Mysuru.

Hata hivyo, ndani ya lugha kubwa pia kuna kinachopotea. Mmishonari Mbaptisti Edward Winter Clark, kutoka Marekani, alianza kazi miongoni mwa Waao mwaka 1872 katika kijiji kilichosema lahaja ya Chungli, na kwa sababu hiyo Chungli ikawa ndiyo Kiao cha kanisa, cha shule na cha kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1911. Lahaja ya Mongsen, ambayo ina mambo mengi ya kisarufi isiyoshirikiana na Chungli, ilibaki ikisemwa majumbani tu, hadi sarufi yake kamili ilipochapishwa na Alexander Coupe mwaka 2007.

Swali la pili

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika isimu. Nimealikwa kujiunga na kikundi kinachotaka kuweka kumbukumbu za lugha mojawapo ya Chandel pamoja na historia simulizi za wazee. Wenzangu wa isimu wanasema tuanze na orodha ya maneno na sentensi za sarufi, na wenzetu wa historia wanasema tuanze na hadithi, tena zitafsiriwe moja kwa moja ili zisomwe na wengi. Tuanzie wapi?*
Mwanafunzi

Jibu

Marahaba. Naomba nikujibu kwa urefu, kwa sababu katika mgawanyiko huo wa wenzako ndimo lilimo kosa ambalo limerudiwa katika milima hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tazama yaliyoachwa na waliotangulia. George Grierson, katika uchunguzi wake mkubwa wa lugha za India, alitoa mwaka 1903 kitabu chenye sehemu ya lugha za Wanaga. Njia yake ilikuwa kuomba katika kila lugha tafsiri ya mfano wa mwana mpotevu kutoka Injili ya Luka, pamoja na orodha moja ya maneno na sentensi. Faida yake ni kwamba lugha zinaweza kulinganishwa, na hasara yake ni kwamba tunajua jinsi Wanaga walivyoweza kusimulia habari za kijana wa Palestina aliyelisha nguruwe, lakini hatujui jinsi walivyosimulia habari za babu zao wenyewe. Kwa upande wa pili wapo maofisa wa kikoloni kama J. H. Hutton na J. P. Mills, waliochapisha kati ya mwaka 1921 na 1937 vitabu vizito kuhusu Waangami, Wasumi, Walotha, Waao na Warengma. Humo zimo hadithi tele za asili, uhamaji na vita, lakini karibu zote ziko kwa Kiingereza. Sauti ya msimulizi haimo, maneno yake hayamo, na mjukuu wake anayetaka leo kujua babu alitumia neno gani kwa "roho" au kwa "ukoo" hawezi kulipata.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba msitenganishe kazi hizo mbili. Hadithi irekodiwe kwa lugha yake, inukuliwe kwa lugha yake, ndipo itafsiriwe, na sarufi itolewe humo humo ndani ya hadithi. Orodha ya maneno mtaihitaji, na sentensi za kuuliza mtaziuliza, lakini ziwe za kujaza mapengo. Chukua mfano wa vitenzi. Kitenzi cha Kilamkang hubeba ndani yake alama za mtenda na mtendwa, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili hataliona geni, kwa kuwa naye husema "nilikuona" kwa neno moja. Ukimuuliza mzee atafsiri "mimi nilikuona wewe", atakupa jibu moja safi. Ukimsikiliza akisimulia jinsi majirani wawili walivyogombania mpaka wa shamba, utapata alama hizo zikitumika zote, katika hasira, katika kubembeleza, katika kunukuu maneno ya mtu mwingine, na hapo ndipo mfumo wake unapojitokeza.

Kabla ya kinasa sauti, hata hivyo, kuna vibali na kuna watu. Vibali ni jambo fupi. Mgeni wa nje ya India anahitaji kibali maalumu cha kuingia katika maeneo ya mpakani. Sharti hilo lililegezwa kwa Manipur, Mizoram na Nagaland kwa zaidi ya miaka kumi, kisha likarudishwa Desemba 2024. Raia wa India asiye mwenyeji naye anahitaji kibali cha kuvuka "mstari wa ndani", mpaka wa kuingilia milimani uliowekwa na kanuni ya kikoloni ya mwaka 1873. Zaidi ya hayo, Manipur imekuwa na machafuko makali tangu Mei 2023, na hakuna rekodi inayostahili kuhatarisha maisha ya mwenyeji anayewapokea. Kama wenyeji wakisema ngojeni, ngojeni.

Kuhusu watu, nendeni kwanza kwa baraza la kijiji, kwa wazee wa koo, kwa viongozi wa kanisa na kwa kamati ya lugha kama ipo. Ridhaa isiwe karatasi ya kutia saini tu. Ielezwe kwa lugha ya msimulizi, na yeye aseme mwenyewe, sauti yake ikirekodiwa, kama maneno yake yasikike na kila mtu, au na wanakijiji peke yao, au na jamaa zake tu, na ajue kwamba anaweza kubadili nia mwaka ujao. Mlipeni kwa muda wake kwa kiwango ambacho kijiji kimekubali, kwa maana siku aliyokaa nanyi ni siku ambayo hakwenda shambani.

Rekodini mambo ya namna nyingi. Masimulizi ya asili ya ukoo ni ya lazima, lakini pia rekodini mama akieleza anavyotega nyuzi za shuka kwenye mtande, wanaume wakipanga shamba la kufyeka na kuchoma, watoto wakicheza, wazee wakipatanisha wagomvi, sala, methali, mizaha, nyimbo za kubembeleza. Tembeeni pia. Lugha nyingi za milima ile hutenganisha kwenda kwa kupanda, kwenda kwa kuteremka na kwenda kwa usawa, na vitenzi hivyo utavisikia vikitumika vizuri zaidi mnapokuwa njiani kuliko mkiwa mmeketi sebuleni.

Hesabu nazo zisisahauliwe, kwa sababu hufa kimyakimya. Waao wa zamani walihesabu kwa kutazamia kumi linalokuja: kumi na sita kwao ilikuwa kama kusema "ishirini haijaletwa, sita". Hesabu ya moja kwa moja iliyoletwa na shule imeiondoa ile ya kwanza midomoni mwa watu. Hakuna aliyepiga marufuku hesabu hiyo. Ilikosa tu mtu wa kuitumia mbele ya watoto.

Katika ufundi, rekodini sauti isiyobanwa, faili za WAV za kilohezi 48 na biti 24, kwa maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, na mmoja wenu asikilize kwa visikilizio muda wote. Mvua za masika ya huko, Juni hadi Septemba, zikipiga juu ya bati hufuta kila kitu, basi kazi ya ndani ya nyumba ipangwe kwa miezi ya ukavu. Mwanzoni mwa kila rekodi mtu aseme tarehe, mahali, nani anasimulia, nani anasikiliza, na lugha ya kijiji gani. Faili isiyo na maelezo hayo itakuwa, baada ya miaka ishirini, sauti ya mtu asiyejulikana akizungumza jambo lisilojulikana.

Sehemu inayovunja moyo ni unukuzi. Saa moja ya masimulizi hula makumi ya saa za kunukuu, na lugha nyingi za Wanaga zina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, ambazo sisi tusemao Kiswahili tunapaswa kujifunza kuzisikia. Lahaja ya Mongsen ina toni tatu na Kiangami cha Khonoma kina nne, huku maandishi ya kawaida ya Kiao yakiwa hayaonyeshi toni hata moja. Kwa hiyo, pamoja na kutumia programu kama ELAN ya kufungamanisha sauti na maandishi na FLEx ya kujengea kamusi, tumieni njia rahisi iliyobuniwa kwa ajili ya lugha ambazo muda wake ni mchache: kijana anayeijua lugha asikilize rekodi ya mzee sentensi kwa sentensi, arudie kila sentensi polepole na kwa uwazi, kisha aitafsiri kwa mdomo, yote yakirekodiwa. Maandishi yanaweza kuja baadaye. Marudio ya polepole, ambayo bila huyo kijana hayapatikani, hayawezi kungoja.

Na huyo kijana asiwe msaidizi asiyetajwa. Kazi za Kilamkang zilizoongozwa na mwanaisimu Shobhana Chelliah, na kuzaa mkusanyo uliohifadhiwa Chuo Kikuu cha North Texas, zilifanywa pamoja na Walamkang wenyewe, ambao baadhi yao wametajwa kuwa waandishi wenza. Huo ndio utaratibu ninaoupendekeza kwenu, tena tangu siku ya kwanza, si katika ukurasa wa shukrani.

Swali la tatu

*Nimesikia kwamba kuna nyimbo za Wanaga ambazo hata waimbaji hawaelewi maneno yake yote. Kuna maana gani kurekodi maneno yasiyoeleweka?*
Mpenzi wa muziki

Jibu

Ipo maana kubwa. Miongoni mwa Watangsa, wanaoishi kwenye mpaka wa Arunachal Pradesh, Assam na Myanmar, mwanaisimu Stephen Morey alirekodi nyimbo za sikukuu ya Wihu, na maneno ya nyimbo hizo si yale ya mazungumzo ya kila siku. Lugha ya wimbo huhifadhi maneno ambayo usemi umeyaacha, na mara nyingi huyapanga mawili mawili, neno la zamani likisimama sambamba na lile linaloeleweka, kiasi kwamba moja huwa mlango wa kulifikia jingine. Asiyeelewa leo anaweza kueleweshwa kesho na mzee wa kijiji cha mbali, mradi wimbo umerekodiwa wote, pamoja na beti zinazorudiwa. Ninawasihi wanaorekodi wasikate beti hizo kwa kudhani ni ziada.

Swali la nne

*Mimi ni mwanahistoria na nina shaka. Jamii moja inasema ilitoka kwenye mawe, nyingine inasema ilitoka kwenye kijiji chenye jiwe la miujiza. Tunawezaje kuyaita hayo historia? Je, si afadhali tuyaite hadithi tu, tukahifadhi lugha, na historia tukaitafuta kwenye nyaraka?*
Mhadhiri

Jibu

Ninaheshimu shaka yako, Ndugu Mhadhiri, lakini sikubaliani na njia unayoipendekeza. Nyaraka za milima hiyo kabla ya karne ya 19 ni chache mno, na za karne ya 19 zimeandikwa kwa wingi na watu waliopanda milima wakiwa na bunduki. Ukizitegemea hizo peke yake utaandika historia ya safari za majeshi.

Chukua simulizi la Waao. Wanasema wazee wao wa kwanza walitokea Longterok, kwenye mawe sita, wanaume watatu na wanawake watatu, na kutoka kwao zikaja koo kuu za Pongen, Longkumer na Jamir. Wakakaa Chungliyimti, kisha wakavuka mto Dikhu kuelekea magharibi, waliko leo. Mtu anaweza kubishana kuhusu mawe. Lakini Chungliyimti ni mahali panapojulikana, wanaakiolojia wamechimba hapo na kukuta mabaki ya makazi ya kale, na mpangilio wa koo unaosimuliwa ndio uliotawala ndoa na viti vya baraza vijijini. Simulizi hilo lina ramani ndani yake, na lina sheria.

Au chukua Khezhakeno, katika wilaya ya Phek. Inasimuliwa kwamba palikuwa na jiwe bapa ambalo mpunga ukianikwa juu yake asubuhi, jioni huwa umeongezeka maradufu. Ndugu watatu walikuwa wakilitumia kwa zamu, siku moja wakagombania zamu, na wazazi, wakiogopa damu, wakarundika kuni juu ya jiwe na kulichoma, roho iliyokuwamo ikatoka na moshi, na wana wakatawanyika kuwa mababu wa makabila mbalimbali. Sidai kwamba mpunga uliongezeka. Ninachosema ni kwamba simulizi hilo linaeleza ni jamii zipi zinajiona ndugu, na hoja hiyo mwanahistoria anaweza kuipima kwa lugha, kwa majina ya koo na kwa majina ya mahali. Kuipima huko hakuwezekani ikiwa tumebaki na tafsiri tu, kwa sababu majina na maneno ya ujamaa ndiyo ushahidi wenyewe.

Hata hivyo kuna mambo mawili ya kuangaliwa sana. La kwanza ni kwamba hakuna simulizi moja. Chungliyimti leo iko katika ardhi ya Wasangtam, na Wasangtam wana masimulizi yao kuhusu mahali hapo. Kila toleo lirekodiwe kwa jina la aliyelisimulia na kijiji chake, na mhariri asiyasuke matoleo matatu kuwa moja zuri. Katika nchi ambamo "nani alifika kwanza" ni swali la ardhi, toleo lililosukwa na mgeni linaweza kupelekwa kwenye baraza la mashauri kesho yake.

La pili ni historia ya karibu. Wazee waliokuwa watoto wakati wa vita vya Kohima kati ya Wajapani na Waingereza, kuanzia Aprili hadi Juni 1944, wamebaki wachache sana, na masimulizi yao ya njaa, ya kubeba mizigo ya majeshi na ya kukimbilia porini hayana budi kutangulizwa. Baada ya hapo yalikuja mapigano kati ya jeshi la India na wapigania uhuru wa Wanaga, na katika miaka ya 1950 na 1960 vijiji vilichomwa na watu wakakusanywa katika makazi yenye ulinzi. Habari hizo watu huzisimulia kwa sauti ya chini, na mara nyingine huwataja majirani walio hai. Ninaamini zirekodiwe, kwa sababu lugha ya maumivu ni sehemu ya lugha, lakini zifungwe kwa muda atakaoutaja msimulizi, hata kama ni miaka hamsini, na majina ya waliotajwa yasitoke. Mtafiti anayezichapisha mapema kwa ajili ya shahada yake anamtendea msimulizi jambo ambalo haliwezi kurekebishwa.

Swali la tano

*Je, jamii hizi hazikuwa na maandishi yao? Na leo, si ingekuwa heshima zaidi kubuni hati yao kuliko kutumia herufi za Kirumi zilizoletwa na wamishonari?*
Mchoraji wa herufi

Jibu

Waao wana jibu lao: maandishi yalikuwapo, yameandikwa juu ya ngozi ya mnyama na kutundikwa ukutani, na mbwa akaivuta ngozi akaila, tangu hapo watu wakaanza kuweka kila kitu kichwani. Ninalipenda simulizi hilo kwa sababu halisemi kwamba watu hawakujua. Linasema kwamba walipokosa ngozi, kumbukumbu ikawa kazi ya kila mtu. Na kazi hiyo ilikuwa na mahali pake, yaani mabweni ya vijana, yaitwayo morung katika vitabu na *ariju* kwa Waao, ambamo wavulana walilala pamoja na kufundishwa nyimbo, nasaba na adabu. Mabweni hayo yalipoachwa, kwa sehemu kwa kuwa wamishonari waliyakataza na kwa sehemu kwa kuwa shule ilichukua vijana, masimulizi yalipoteza darasa lake.

Hati mpya zimebuniwa na wenyeji. Mwalimu Banwang Losu alibuni hati ya Kiwancho, iliyoingizwa mwaka 2019 katika Unicode, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta na simu, na Lakhum Mossang alibuni hati ya Kitangsa, iliyoingizwa mwaka 2021. Moja ya fadhila zake ni kwamba toni zimepewa nafasi ndani ya hati yenyewe. Ninawavulia kofia. Lakini kwa jamii yenye wasemaji elfu chache ambayo bado haijakubaliana hata juu ya tahajia, ningeanza na herufi ambazo kijana tayari anazo kwenye simu yake, na hati ifuate kama wenyewe wakiitaka. Uamuzi huo haumhusu mgeni, nami nikiwemo.

Swali la sita

*Nilisoma chuoni na rafiki Mnaga kutoka Arunachal Pradesh. Bibi yake ana umri wa zaidi ya miaka themanini na ndiye pekee katika familia anayejua nasaba yote kwa kuimba. Rafiki yangu hana ruzuku wala vifaa, ana simu tu, na anaogopa kuharibu. Asubiri wataalamu? Na akirekodi, apeleke wapi?*
Msomaji

Jibu

Asisubiri. Simu inatosha kwa kuanzia. Aiweke katika hali ya ndegeni ili isilie katikati, aitulize juu ya kitambaa kilichokunjwa umbali wa kama mkono mmoja kutoka kinywani mwa bibi, azime feni na runinga, afunge dirisha la upande wa barabara, na achague mpangilio wa sauti ulio bora kabisa katika programu ya kurekodi. Awepo pia mtu ambaye bibi anapenda kumsimulia, dada yake au mjukuu mdogo, kwa kuwa mzee anayeiimbia simu huimba kwa kifupi, lakini anayemwimbia mtoto hueleza. Bibi aimbe nasaba yote mara moja bila kukatizwa. Siku nyingine waisikilize pamoja, na kila jina likipita rafiki yako aulize: huyu alikaa wapi, alimwoa nani, kwa nini aliitwa hivyo? Mazungumzo hayo nayo yarekodiwe, na mara nyingi yatakuwa na thamani kuliko wimbo.

Jioni hiyohiyo faili zinakiliwe mahali pawili tofauti, mojawapo nje ya nyumba. Zipewe majina yenye tarehe, na kando yake liwepo daftari la karatasi lenye jina la bibi kama familia inavyoliandika, jina la kijiji, na masharti aliyoyatoa. Kwa hifadhi ya kudumu zipo taasisi zinazopokea mikusanyo kama hiyo: ile ya North Texas niliyoitaja, ambayo imejikita katika lugha za Asia ya Kusini, PARADISEC ya Australia iliyoanzishwa mwaka 2003, na hifadhi ya ELAR, iliyoanzia London na sasa iko Berlin. Kabla ya kupeleka asome masharti ya nani anaruhusiwa kusikiliza, na ahakikishe familia inaweza kuyabadilisha. Nakala moja ibaki kijijini hata baada ya hapo, katika kadi ndogo ya kumbukumbu au diski iliyo kwa mtu anayeaminika, maana intaneti ya milimani hukatika na wajukuu hawatavuka bahari ili kumsikia bibi yao.

Na mara ya kwanza asirekodi chochote. Aende, aketi, amsikilize, amwambie anachokusudia, na amwachie bibi achague siku.